Mtoto wa Nyumba Arobaini

Veronicah aliiomba kompyuta majina ya wazee, nayo ikamletea wazee na jina moja la ziada.

Hakushtuka. Alikuwa amechoka mno kushtuka. Tangu mvua ikatae Gachoka misimu miwili mfululizo, yeye peke yake ndiye aliyeingiza majina ya wapokeaji wa chakula cha msaada: jedwali moja la nyumba, jingine la watu, na kila nyumba imeunganishwa na watu wake kwa namba. Macho yalimwasha. Alidhani amekosea kubonyeza.

Ismael, fundi kutoka Embu mjini, alikuwa amemwekea programu ya kuuliza maswali. Mtu haandiki swali zima kwa mkupuo. Anaanza na "watu", kisha anaunga sharti, kisha sharti jingine, kama anayesuka kamba: watu, wa Gachoka, wa miaka sabini na zaidi, leta. Kila sharti linaloungwa huwapunguza watu. Halimwongezi mtu kamwe.

Akaunga sharti: wanaume tu. Printa ikasaga meno, ikatoa wanaume arobaini na sita, na chini yao, Ciakuthii.

Akaunga jingine: wasioona. Wakatoka wanne, na Ciakuthii.

Mwishowe akaunga sharti ambalo hakuna mtu wa kulitimiza: waliozaliwa mwaka elfu mbili, mwaka ambao ulikuwa haujafika. Printa ikanyamaza kidogo, kama mtu anayefikiri. Kisha ikaandika mstari mmoja.

Ciakuthii.

Nje jua la saa nane lilikuwa likichoma mawe. Ndani ya ofisi kukanuka udongo uliotoka kulowa.

Jina lile alilijua, maana ni yeye aliyelitunga. Kina mama wa Mbeere, wenyeji wa huko, hawapendi kuhesabu watoto wao. Ukimuuliza mama ana wangapi, atakuambia "wapo", basi, kwa kuwa kuwahesabu ni kumwonyesha mauti pa kuchagua. Veronicah alilelewa hivyohivyo, hakuwalazimisha. Lakini programu ilikataa nyumba isiyo na mtoto, na nyumba arobaini zilikuwa zimekwama, na lori lilikuwa likingoja orodha. Basi akamwandika mtoto mmoja, jina tu, bila umri, bila jinsia, asiyeitwa kwa jina la babu wala nyanya yeyote, akaziunga nyumba zote arobaini kwake. Alijiambia angerekebisha baadaye. Lori liliondoka, akalala, akasahau.

Kesho yake asubuhi alikuja Kaari, mama wa moja ya nyumba zile. Alisimama mlangoni akiongea chini kwa chini.

"Karani, huyo mtoto mlituma kwetu, mwambieni apunguze kula."

"Mtoto gani?"

"Si nyinyi mnamjua. Anakuja mchana nikitoa sufuria kwa moto. Hasemi kitu. Anakaa karibu na wangu, chakula kinaisha. Wangu amekonda, sasa hata kusimama hawezi. Na huyo hanenepi."

"Anaitwa nani?"

"Nilimuuliza. Akasema, uliza ofisini."

Veronicah alitoka naye, akapita nyumba ya pili, na ya tatu, na ya kumi, na kila mama alimpokea kwa sauti ileile ya chini, akamwonyesha mtoto aliyelala chini na mbavu zake nje, akamwambia kwamba mgeni alikuja jana mchana, pote saa ileile, na popote alipoelezwa kuwa aliketi kulikuwa na harufu ile ya udongo mbichi katika nchi ambayo haikuwa imeona tone tangu mwaka uliopita.

Alimpigia Ismael simu kutoka posta, akamweleza yote. "Nimfute?"

"Usiguse, dada Vero. Nilizifunga pamoja. Ukimfuta yeye, nyumba arobaini zinafutika naye, na Ijumaa hakuna atakayepewa kitu. Na hilo la umri haliwezekani. Asiye na umri hapiti sharti la umri. Kitu tupu hakipiti popote."

Siku hiyohiyo Ismael alikuja na nyanya yake, Mwanabibi, ambaye watu wa mjini, Waislamu kwa Wakristo, walimwita wakisumbuliwa na majini. Kikongwe hakuitazama kompyuta. Alinusa hewa.

"Umeandika mtoto ambaye hayupo, mwanangu, ukampa meko arobaini. Ulidhani hakuna atakayelijibu jina hilo?"

"Atoke vipi, nyanya?"

"Mwondolee nyumba moja moja. Kila mama akunong'oneze jina la mtoto wake, uliweke pale. Jina tu, usihesabu. Lakini jini aliyezoea kula hatoki bila pa kwenda. Ukimnyima zote, atajichagulia."

"Atachagua wapi?"

"Penye mtoto," alisema Mwanabibi, akajifunga leso yake vizuri.

Siku tatu Veronicah alitembea. Kina mama walimnong'oneza sikioni, naye alirudi ofisini kuandika. Nyumba ilipofunguliwa kutoka kwa Ciakuthii, mtoto wa pale aliamka akaomba uji. Na kadiri nyumba zilivyopungua, ndivyo harufu ilivyozidi kuwa nzito ofisini, na vinyayo vidogo vilivyolowa vikawa vinaonekana sakafuni, vikitoka mlangoni hadi kwenye kiti chake, na printa, ambayo hakuna aliyeigusa, ikawa inapiga mstari mmoja kila baada ya muda, jina tu, kisha jina, kisha jina, kama mtoto anayemvuta mama nguo.

Ijumaa asubuhi ilibaki nyumba ya Kaari. Veronicah aliandika jina la mtoto wake, akamwondoa Ciakuthii. Kisha akauliza: watu, wasio na nyumba, leta.

Hakuna mstari uliotoka, hata jina lile lililozoea kujitokeza bila kuitwa. Kila kitu kikatulia. Kitu kidogo, baridi, kikaachia upindo wa sketi yake, na vinyayo vikaanza kuelekea mlangoni, upande wa kijiji.

"Ngoja," alisema Veronicah.

Vikasimama.

Aliishi peke yake katika chumba cha nyuma ya ofisi. Hakuwa na mtoto wa kukondeshwa. Akaongeza nyumba mpya kwenye jedwali, nyumba yake, akaiunga na Ciakuthii, akabonyeza.

Lori lilifika saa nne, na nyumba zote zilipata. Saa saba alipika ndengu, akapakua sahani mbili, akaketi. Kigoda cha pili kikaburuzwa taratibu kikasogea karibu naye. Alikula haraka, lakini alipotazama, sahani zote mbili zilikuwa tupu na bado ana njaa.

Mwisho wa mwezi kanisani watu walimwambia amekonda. Alisema ni kazi.