Nusu Saa Isiyo ya Mpira

Kinyozi alikuwa na duka dogo lenye kiti kimoja cha kunyolea, kioo kikubwa na benchi refu la wateja. Juu ukutani alikuwa amefunga televisheni. Aliifunga mkabala na kioo, ili hata anayenyolewa aione. Tangu duka lifunguliwe, televisheni hiyo ilionyesha mpira tu. Wateja walitazama mpira wa leo, wakabishana juu ya mpira wa jana, wakagombana kwa ajili ya mpira wa kesho.

Mke wa kinyozi alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, zamu ya mchana. Kwa hiyo watoto wao wawili wakitoka chekechea walishinda dukani kwa baba. Mkubwa alikuwa msichana wa miaka mitano. Nyumbani walimwita Chuma, kwa sababu akishika kitu haachii. Mdogo wake wa kiume alikuwa na miaka minne. Alimfuata dada yake kila mahali, hata chooni, ndiyo maana wakamwita Mkia.

Watoto hawa walipendana sana, na kila siku walipigana. Siku moja waligombea chupa ya kunyunyizia maji. Chuma akavuta, Mkia akavuta. Maji yote yakaingia shingoni kwa mteja.

"Fundi!" mteja alipiga kelele. "Nimekuja kunyolewa, sikuja kuoga!"

Watu walicheka. Lakini huko chekechea hakuna aliyecheka. Siku iliyofuata mwalimu mkuu alimwita kinyozi ofisini.

"Binti yako amemsukuma mwenzake tena," alisema. "Anakumbatia matofali yote ya kuchezea. Hataki mtu aguse. Wazazi wengine wananilalamikia. Nampa mpaka mwisho wa mwezi. Asipobadilika, abaki nyumbani."

"Ana miaka mitano tu, mwalimu."

"Na wenzake wana miaka mingapi?"

Kinyozi alirudi nyumbani kwa hasira. Alimweleza mke wake kila kitu. Mke wake alikuwa anakung'uta unga kwenye viatu vya kazini. Akaacha.

"Abaki nyumbani afanye nini?" aliuliza. "Azidi kukaa peke yake, halafu ndiyo ajue kukaa na watu? Mimi sikubali. Hatoki mtoto pale."

"Sasa tufanyeje, Mama Chuma?"

"Sijui. Lakini hatoki."

Jibu lilipatikana kwenye kiti cha kunyolea. Mwalimu wa darasa la Chuma, dada mmoja kijana, alipenda nywele fupi. Jumamosi alikuja dukani kupunguza.

"Baba Chuma," alisema, mashine ikiunguruma nyuma ya sikio lake, "mimi na mwalimu mkuu hatukubaliani. Chuma si mtoto mbaya. Hajui tu kufanya kitu na mwenzake. Kushirikiana hakuoti kama meno. Mtoto hufundishwa."

"Nimemgombeza mpaka sauti imekauka."

"Ukimgombeza, anajua asifanye nini. Bado hajaona afanye nini." Mwalimu alitazama televisheni kupitia kioo. "Ile pale saa kumi na nusu inaonyesha nini?"

"Mpira. Ile ni ya wateja."

"Saa hiyo kuna kipindi cha vikaragosi vya kitambaa. Kuna Bata, Panya na Kobe. Kila siku wana kazi moja, na hakuna anayeiweza peke yake. Ni kwa watoto wa umri huu hasa. Hebu wafungulie."

Jumatatu saa kumi na nusu kinyozi alibadilisha kituo. Benchi likanung'unika, lakini mechi yenyewe ilikuwa ya marudio. Kinyozi aliendelea kunyoa. Watoto walitazama midomo wazi. Kipindi kilipokwisha, walianza kugombea nani awe Bata. Mkia akapata mkwaruzo wa sikio.

Kesho yake asubuhi kinyozi alimkuta mwalimu getini. Hakungoja salamu ziishe.

"Mwalimu, vikaragosi vyako vimeniletea vita vipya."

Mwalimu alicheka. "Ulikaa nao?"

"Ningekaaje? Nina kazi."

"Basi uliiachia televisheni ifundishe peke yake. Haiwezi, baba. Inaonyesha, lakini haimjui mwanao. Kaa karibu nao. Uliza swali moja, kisha subiri wajibu, hata wakichelewa. Kipindi kikiisha, zima. Usiwaache wakodoe macho mpaka usiku. Hapohapo wape kazi ndogo ya kweli, inayotaka watu wawili. Wakifaulu, usiseme tu 'watoto wazuri'. Sema walichofanya, ili wakijue wakirudie."

"Na wateja?"

"Wateja ni wako," alisema mwalimu. "Na watoto ni wako."

Alasiri hiyo kwenye kiti alikaa mteja waliyemwita Refa. Refa alikuwa mwanamume wa makamo ambaye hakuwahi kuchezea hata timu ya mtaa, lakini aliwahukumu wachezaji wote wa dunia. Kinyozi alikuwa amemnyoa upande mmoja wa kichwa. Saa kumi na nusu ikafika. Kinyozi alizima mashine, akabadilisha kituo, akakaa sakafuni kati ya watoto wake.

"Fundi!" Refa alishtuka. "Unaniacha nusu kichwa?"

"Nusu saa tu."

"Na mechi?"

"Mechi itangoja."

"Mimi naondoka!"

"Njia ile pale," alisema kinyozi.

Refa alijitazama kwenye kioo. Upande mmoja uling'aa, upande mwingine ulikuwa msitu. Akakaa.

Kwenye kipindi, mkokoteni ulikuwa umekwama kwenye tope. Bata alivuta mbele. Panya alisukuma kutoka ubavuni. Kobe alikaa juu ya mkokoteni, akitoa amri.

"Kwa nini mkokoteni hausogei?" kinyozi aliuliza.

"Bata hana nguvu," alisema Chuma.

Kinyozi alisubiri. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kunyoa.

"Kobe amekaa juu," alisema Mkia polepole. "Ni mzito."

"Na hawaendi upande mmoja!" Refa aliropoka kutoka kwenye kiti. "Timu gani hiyo, kila mtu na lake?"

Benchi zima likacheka. Chuma aligeuka akamtazama Refa, kisha akaitazama tena televisheni. Kobe alikuwa ameshuka. Wote watatu walisimama nyuma ya mkokoteni, wakahesabu, wakasukuma. Mkokoteni ukatoka.

Kinyozi akazima televisheni. Wateja wakapiga mayowe.

"Bado," aliwaambia. Akawapa watoto ufagio na kizoleo. "Nywele zile zitoke sakafuni."

Chuma alinyakua vyote viwili. Alishika kizoleo mkono mmoja na ufagio mkono mwingine. Kila alipofagia, kizoleo kilikimbia na nywele zikatawanyika. Alijaribu kukizuia kwa mguu, akaangukia matako. Baba yake alitamani kumsaidia. Alijizuia.

"Bata na Panya wangefanyaje hapa?" aliuliza.

Chuma alinuna. Alikitazama kizoleo. Kisha akamsukumia Mkia. "Shika. Lakini ufagio ni wangu!"

"Leo wako, kesho wake," alisema baba.

Mkia alichuchumaa, akakibana kizoleo sakafuni kwa mikono miwili. Chuma akafagia. Nywele zikaingia.

"Umemngoja mwenzako akae sawa, ndipo ukafagia," kinyozi alimwambia Chuma. "Na wewe Mkia hukukitikisa. Ndiyo maana zimeingia zote."

Watoto walitazamana kama watu waliogundua siri.

Haikuwa rahisi. Wateja wawili walihamia kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Siku ya tatu Chuma alimng'ata Mkia mkono kwa sababu ya zamu ya ufagio. Kinyozi aliwatenganisha, akatuliza kilio, akaanza tena. Siku ya mapumziko ya mke wake, mama naye alikaa sakafuni akauliza maswali. Baadaye watoto walikunja shuka kubwa, mmoja kila upande. Lilitoka limepindapinda, na walilipeleka chumbani kwa fahari.

"Fundi, sikiliza," Refa alisema siku moja. Nywele zake sasa zilikuwa sawa. "Watu wanakukimbia kwa ajili ya bata wa kitambaa. Biashara haiendeshwi hivyo."

Benchi likatikisa vichwa kukubali. Kinyozi aliweka mashine chini.

"Duka ni langu, ukuta ni wangu, na rimoti iko mfukoni mwangu," alisema. "Mpira utachezwa kila siku mpaka dunia iishe. Mwanangu atakuwa na miaka mitano mwaka huu tu. Anayetaka kuhama, ahame. Akirudi, bado nitamnyoa."

Hakuna aliyehama siku hiyo. Mama jirani, aliyeuza mkaa, akaanza kuwaleta wanawe saa kumi na nusu. Wateja wakajifunza kusogea.

Mwezi ukaisha. Mwalimu mkuu alimwita kinyozi ofisini. Kinyozi alikataa kiti.

"Baba, tulikubaliana," alianza mwalimu mkuu.

"Wewe ulisema. Mimi sikukubali."

"Wazazi wanasubiri jibu langu."

"Mtoto asiyejua kuhesabu, unamfukuza?" aliuliza kinyozi. "Hapana. Unamfundisha. Na hili ni somo kama hesabu. Sisi nyumbani tumelianza. Nenda ukamtazame kwanza darasani. Mimi siondoki naye hapa."

Mwalimu mkuu alikunja uso. Lakini aliinuka, wakaenda wote wakasimama dirishani.

Watoto walikuwa wanajenga mnara wa matofali ya mbao. Karibu na Chuma alikaa mvulana aliyewahi kusukumwa. Alikuwa amekaa kwa hadhari, mwili umeegemea nyuma. Chuma aliyazungushia matofali mikono yake. Kisha Chuma akamsogezea mwenzake tofali moja.

"Mimi nashika chini, wewe weka juu," alimwambia. "Halafu tunabadilishana."

Mnara ulipanda, ukayumba, ukaporomoka kwa kishindo. Chuma alikunja ngumi, uso umevimba kwa hasira. Mvulana akarudi nyuma.

"Tena," alisema Chuma, akaanza kuokota.

"Siku moja haitoshi kunihakikishia," alisema mwalimu mkuu kwa sauti ya chini.

"Ndiyo," alisema kinyozi. "Kwa hiyo mpe siku nyingi."

Mwalimu mkuu aliingia darasani. Meza moja ilikuwa imeziba njia, naye akaanza kuivuta. Mguu wa meza ulinasa kwenye mkeka. Akavuta tena. Meza haikusogea.

Chuma alisimama na mikono kiunoni. "Mwalimu, hivyo haiendi. Wewe shika kule. Sisi tunashika huku. Usivute kabla sijasema!"

Mwalimu wa darasa alifunika mdomo. Mwalimu mkuu akazunguka meza, akashika upande alioonyeshwa.

"Moja," alihesabu Chuma. Mvulana wa mnara alishika pembeni yake. "Mbili. Tatu!"

Meza ikainuka.

Walipoiweka chini, mwalimu mkuu alijipangusa mikono. Alimtazama kinyozi dirishani.

"Kesho mlete mapema," alisema. "Tunahamisha kabati la vitabu."