Mberoshi wa Tatu

Langoni kwa Honorine kulikuwa na miberoshi miwili. Asubuhi ile, ukutani palilala vivuli vitatu.

Anselme, mchoraji aliyepanga chumba cha chini, alihesabu mara mbili, kisha akaulaumu mvinyo wa jana. Alipogeuka, tumbo likitangulia kama kawaida yake, alimkuta Honorine kasimama mlangoni, uso umempauka.

"Bwana Anselme, nani kalala na Rosalie wangu?"

Walipanda mbio chumbani juu. Kitanda cha binti huyo wa miaka saba kilikuwa kimebonyea upande mmoja, kama kilicholaliwa na mtu mzima. Shuka zilinuka tapentaini ya kuyeyushia rangi na udongo mbichi. Mtoto alikuwa baridi kama jiwe la kisimani, midomo ya buluu. Buluu ileile ya vilima katika picha ya Anselme.

Honorine aliiona buluu hiyo, akashuka mbio, Anselme nyuma yake, hadi sebuleni picha ilikokuwa ikikauka. Njia ya manjano, vilima, lango.

"Mbona miberoshi mitatu?"

"Mama, upande wa kulia ulikuwa mtupu. Picha ilikuwa inaegemea kama mlevi. Nikaongeza mmoja, mizani tu."

"Mizani! We mtu wa Paris, huku mti mmoja langoni ni maji kwa mpita njia. Miwili, chakula. Mitatu ni kitanda! Umemkaribisha jini gani alale na mwanangu?"

Juu yao ubao ukalia, kisha nyayo nzito zikaanza kutembea. Anselme alinyakua kisu cha rangi akaanza kuukwangua mti, na rangi ilikuwa nene, kavu juu na laini ndani kama nyama, na kila alipokwangua nyayo zile ziliharakisha kuelekea kitandani, Honorine akinong'ona "upesi, upesi, baba", jasho likimtiririka Anselme, mpaka kitambaa kitupu kikatokea na nyumba ikanyamaza.

Kisha sauti ndogo kutoka juu: "Mama, nina njaa."

Honorine alicheka huku akilia. "Sasa picha yako inaegemea."

"Na ianguke!"

Anselme alitoka kuvuta pumzi. Asubuhi ilikuwa imekwisha; jua lilikuwa utosini. Kuku walikuwa wamesimama juu ya vivuli vyao. Chake pekee kilinyooka kutoka miguuni hadi langoni, kama mberoshi wa tatu, chembamba, chenye ncha, kikiyumba pasipo upepo.

Miaka ishirini alikuwa ameomba kuwa mwembamba.

Nyuma yake, katika chumba cha chini, kitanda chake kikalia taratibu, kama mtu mchovu anayejilaza.