Maombi ya Safari

Ukitaka kuniambia ati Nekoye aliota, leta hoja. Nimelala naye chumba kimoja chuoni miaka mitatu, na huyo msichana hadanganyi hata kuhusu alama za mtihani.

Walikuwa watano, sebuleni kwa kina Mwihaki pale Kitale, wakipanga safari ya wiki nzima: Saiwa, Mlima Elgon, halafu Nakuru mpaka Maasai Mara. Kizito, kakake Nekoye, ndiye angeendesha gari. Saa kumi na mbili jioni mvua ikaanza kupiga mabati, stima ikapotea, na ramani mezani ikawa haisomeki tena.

"Basi tuombe, tutawanyike," Mwihaki akasema.

"Fanya ikuwe fupi, bana. Juzi uliombea mpaka ng'ombe."

"Kizito, si ni wewe dereva? Wewe nakuombea mara mbili."

Wakacheka, wakashikana mikono, wakafumba macho. Waliomba kwa zamu, Kizito akawa wa mwisho. Alipomaliza, sauti nyingine ikaendelea pale pale kwenye duara. Ilikuwa ya mwanamke mzima, ya upole. Mvua ilikuwa bado inapiga, lakini kila neno lilisikika. Nekoye akajaribu kufumbua macho, yakakataa. Akataka kumwita kakake, ulimi ukakataa.

"Asante Baba," ile sauti ikasema, "kwa kuwarudisha hawa wanne salama."

Hapo ndipo ulimi wa Nekoye ulipofunguka, pamoja na ndimi za wenzake, na wote watano wakaitikia: "Amina."