Paka Aliyemruka Pandelis

Bisha. Bisha tu, nakungoja. Ukimaliza, njoo kisiwani kwetu mchana wa Agosti, saa ile kila mtu amelala na madirisha yamefungwa, ukae peke yako nyuma ya mlango wa bibi Marigo. Ukidumu mpaka kahawa ya alasiri nitakuita mwanamume. Mimi Stathis shule niliikimbia mapema, lakini mabaharia wawili niliwalaza chini kwa mkono mmoja, waulize gatini. Na mlango ule siusogelei.

Yaliyotokea yalimpata binamu yangu, Argiro. Kila Agosti alikuja likizo na mama yake kutoka jiji la Pireo, wakafikia kwa bibi yetu huyo, Marigo. Mwaka ule, kabla hata hajafungua sanduku, alishapata marafiki: paka wa gatini. Aliwabebea vichwa vya samaki, nao wakamfuata vichochoroni mkia juu. Kipenzi chake kilikuwa dume la rangi ya chungwa, sikio moja limeliwa. Alimwita Kapteni.

"Binamu," nikamtania, "wenzako huja huku kutafuta wachumba. Wewe umekuja kuposwa na paka?"

"Afadhali yeye. Anajua kunawa uso."

Jirani yetu, mzee Pandelis, hakuwa na utani. Paka aliwamwagia maji yanayochemka, na huyo Kapteni, mzee alikuwa ameapa kumchuna ngozi akiwa hai. Mzee akafa mkesha wa sikukuu ya Bikira Maria. Siku ya sikukuu hakuna anayechimba kaburi, kwa hiyo Pandelis akabaki ndani, amelazwa sebuleni, mishumaa kichwani.

Kwetu maiti haachwi peke yake, na paka haingii. Paka akimruka maiti, maiti hatulii. Basi nikawekwa mimi mlangoni. Nani mwingine? Nilisogea kidogo tu nyuma ya ukuta kuvuta sigara. Binadamu si mti.

Jua lilikuwa linazama bibi alipomtuma Argiro kwa marehemu na chupa ya mafuta ya kutia kwenye taa ya sanamu takatifu. Akaingia. Harufu ya nta. Uvumba. Na chini yake harufu nyingine, tamu, ya nyama iliyosahauliwa juani. Akainama kumimina mafuta. Kitu laini kikampitia kifundoni...

Kapteni.

Akaruka. Juu ya kifua cha Pandelis, akatua ng'ambo, kimya.

Wanawake wakapiga yowe. Mpwa wa marehemu, jitu la mabega, akakamata koleo la makaa. "Mtoeni roho!" Pigo la kwanza likabomoa plasta. La pili likamshukia Argiro, aliyekuwa amejilaza juu ya paka wake. Likaja teke. Na jingine. Mbavu zikalia. Argiro hakumwachia paka mpaka alipomsukuma nje kupitia dirishani.

Usiku bibi akamkanda kwa siki, akimnong'oneza.

"Pandelis atakuja. Ataita jina mara moja tu, hana pumzi ya kuita tena. Asiyeitwa mara mbili asiitike. Umesikia, mwanangu?"

"Bibi, mimi mtu wa Pireo."

"Na mbavu hizi ni za wapi?"



Pandelis akazikwa. Kesho yake mchana, nyumba imelala, Argiro akatoka na vichwa vya samaki. Nyenje walikuwa wanapiga kelele kama kawaida. Wakakata ghafla, wote.

Paka walikuwa ukutani. Wamepangwa kama pweza wa kuanikwa, shingo zimesokotwa, matumbo yananing'inia. Kapteni hakuwamo.

Alirudi mbio, akapiga komeo. Mimi nilikuwa nimejilaza kwenye kochi.

Ngo.

Ngo.

Jina likaitwa. Mara moja.

"Naam?" akaitika Argiro.

Utauliza kwa nini aliitika na alishaonywa. Tulia.

Ubao ukapasuka. Ukaingia mkono, udongo kwenye kucha, nta imeganda vidoleni. Ukamshika nywele. Ukamgonga uso kwenye mwimo. Meno yakamwagika sakafuni kama punje. Ukamgonga tena. Kidole gumba kikatafuta jicho, kikalipata. Sauti aliyoitoa sikuwahi kuisikia kwa mtu.

Hapo Kapteni akashuka kutoka paani, akaangukia uso wa aliyekuwa nje. Tukasikia kitu kikichanika, kama gunia bichi. Bibi akatokea na sufuria ya mafuta yanayochemka, akayamwaga yote kwenye ule ufa.

Kilio cha mbuzi. Halafu cha mtu.

Halafu nyenje.

Daktari akasema ni mbwa. Wengine wakasema ni yule mpwa; alipanda boti jioni ile, mkono umefungwa shuka. Lakini wanaume waliokwenda makaburini walikuta udongo umetitia, na kaburi linanuka mafuta ya kukaangia. Kapteni hakuonekana tena.

Argiro yuko Pireo, jicho moja, taya limeshonwa. Ukimwita mara moja haitiki. Hata mama yake.

Sasa ile sehemu niliyoiruka.

Jina lililoitwa halikuwa lake. Sauti ilisema, "Stathis." Mlinzi wa mlango. Argiro akanigeukia, macho yake yote mawili yananiuliza. Nilikuwa macho kama wewe hapo. Nikavuta shuka mpaka kidevuni.

"Ni watu wa boti hao," nikamwambia. "Itikia wewe, binamu. Mimi nimelala."