Mahari Aliyoikataa Tabinda

"Jina?" mtia rangi aliuliza bila kuinua macho, fimbo yake ikikoroga sufuria ya rangi ya kijani iliyokuwa ikichemka.

"Andika tu mwenye mtandio wa kijani," alisema Tabinda.

"Dada, leo wenye mitandio ya kijani ni wengi kuliko nzi. Jina."

Tabinda akarudi nyuma hatua moja. Alivaa suruali pana nyeupe ya shalwari na shali nzito ya sufu, na ukimtazama ungeapa kwamba mwanamke huyu haogopi kitu. Ukungu wa Desemba ulikuwa umelimeza soko lote la Anarkali, mjini Lahore, taa za maduka zinaonekana nusu nusu. Nyuma yake mwanamume mmoja akacheka.

"Andika langu. Wajahat."

"Nani kakuomba?" Tabinda alimgeukia.

"Hakuna. Ila nimemfuatia mama yangu mtandio wake, na kwa mwendo huu nitazeekea hapa."

Siku ya kuchukua ilipofika, mtia rangi akagoma kuutoa mtandio mpaka mwenye jina aje. Basi Tabinda akamngoja mwenye jina, akanywa chai mbili za maziwa, na Wajahat alipotokea na koti lake la kijivu linalonuka grisi ya pampu za maji, aligundua kwamba hasira imemwisha. Mapenzi yao yalianza hivyo, kwa kitambaa cha Tabinda kilichokaa chini ya jina la mtu mwingine.

Mwaka uliofuata walikuwa wakizungumza kwa simu kila jioni.

"Haloo, bibi asiye na jina."

"Haloo, fundi pampu."

"Mfanyabiashara wa pampu, tafadhali. Barabara ya Brandreth nzima inaniheshimu, isipokuwa wewe." Sauti yake ikashuka. "Roho yangu, Ammi, mama yangu, amekubali. Mahari yako ni ile nyumba ya Barabara ya Temple. Kesho twende tukaiandikishe kwa jina lako."

Nyuma ya Tabinda, kwenye ngazi, baba yake, Abbu, alikohoa.

Abbu alikuwa amekufa tangu majira matatu ya baridi yaliyopita.

Yule mzee alimpenda bintiye kupita kiasi, na mapenzi hayo ndiyo yaliyomponza. Tabinda alizaliwa Marekani, Abbu akiwa huko masomoni, akawa raia wa huko kwa kuzaliwa tu, akarudishwa Lahore kabla hajajua kutambaa. Uzeeni Abbu akauza shamba, akaweka fedha benki, akaongeza jina la binti kwenye akaunti ili siku akifa asihangaike na mirathi. Ni jambo ambalo baba yeyote wa Lahore angelifanya. Kisha benki ikauliza bibie kazaliwa wapi, na ndipo walipojua kwamba Marekani humtaka raia wake aripoti kila akaunti yenye jina lake, popote alipo, na asiyeripoti hutozwa faini kubwa. Abbu aliingiwa na aibu iliyomlaza kitandani. Neno lake la mwisho lilikuwa, "Mwanangu, usikubali jina lako liandikwe tena popote." Akakohoa, akakata roho.

Tangu hapo kila kalamu ilipomkaribia, Tabinda alikisikia kikohozi kile. Simu yake ilisajiliwa kwa jina la shangazi, chumba pia. Aliishi kama mzuka akiwa hai, na alimwogopa mzuka mwenzake.

"Upo?" Wajahat aliuliza.

"Sitaki nyumba. Niandikie zile rupia thelathini na mbili za jadi, inatosha."

"Thelathini na mbili? Mji mzima utaniita bahili. Tabinda, mwanamke gani anakataa nyumba?"

"Mimi."

"Ammi anasema anayekataa mahari ya maana ana safari yake. Nambie kweli, huko Marekani ulikozaliwa una mume?"

Angeweza kucheka. Angeweza kusema hapana. Kikohozi kilikuwa kimefika mlangoni, naye akashindwa kufungua mdomo, na kimya, jamani, ni shahidi mbaya. Wajahat akakata simu.

Simu haikulia tena. Tabinda akakonda, chakula kikamshinda. Mwishowe shangazi Zubaida, dada yake Abbu, alichoka kumtazama.

"Mficha uchi hazai," alisema huku akimenya machungwa. "Mwambie mwenzio."

"Abbu alisema..."

"Kaka yangu alisema akiwa na homa na aibu. Aliyekufa haolewi, Tabinda. Unayeolewa ni wewe."

Kesho yake Tabinda akatembea ndani ya ukungu hadi Barabara ya Brandreth. Wajahat alikuwa amekaa kati ya pampu, ndevu hajanyoa.

"Sina mume," alianza. "Nina serikali. Ina wivu kuliko mume yeyote."

Akamweleza yote. Kwamba nyumba ile kwa Wamarekani ni zawadi kutoka kwa mtu asiye raia wao na lazima iripotiwe. Kwamba kodi ya wapangaji wake wataihesabu, na siku akifa wataihesabu na nyumba yenyewe. Kwamba akitia saini tu kwenye akaunti ya duka hili, nayo itafuatwa. Akamweleza hata kikohozi.

Wajahat aliinamisha kichwa. "Kumbe ulikuwa unanikinga na jina lako."

"Abbu nilishindwa kumkinga."

"Na mimi nikakutusi. Nisamehe, roho yangu."

Wakampigia simu mama mmoja wa Karachi, mshauri anayejua kodi za watu wa namna hiyo. Akawaambia kwamba aliyekosea kwa kutojua ana mlango wake: ataripoti ya miaka ya nyuma, ataeleza kisa chake, na mara nyingi hadaiwi kikubwa. Mahari aipokee na kuiripoti.

"Ila utatia saini, mwanangu. Jina lako kamili," mama yule alimwambia Tabinda.

Alitia saini karatasi zile siku nzima, na siku nzima Abbu alikohoa begani mwake. Wajahat alikaa pembeni akimshikia kikombe cha chai.

Walioana Februari pale alipoishi Tabinda, jua likiwa limerudi. Tabinda alivaa nyekundu yenye nyuzi za dhahabu, na chini ya shela yake, kichwani, ule mtandio wa kijani. Shehe akasoma mahari: nyumba ya Barabara ya Temple, kwa jina la Tabinda binti Rafaqat. Akamsogezea kalamu.

Akaishika, akangoja kikohozi.

Hakikuja. Aliandika jina lake lote, taratibu, akitega sikio kwenye ngazi, na ngazi ilikuwa kimya.

Ndipo akalia, akalia mpaka wanja ukashuka mashavuni. Wanawake wakaridhika, maana bibi harusi wa Lahore asipolia watu husema. Wajahat peke yake ndiye aliyeinama karibu.

"Kakohoa?"

"Hapana," alisema Tabinda. "Ameondoka."