Siti na Wezi wa Kuzua

Kila asubuhi Siti alifagia uwanja, akapiga mswaki, kisha akakaa na bibi yake kunywa chai kwa viazi vitamu, huku ndege zikipita juu ya mabati ya Kiwalani kuelekea uwanja wa ndege. Bibi naye aliitwa Siti. Kwa desturi ya watu wa pwani, mjukuu alipewa jina la bibi yake, na kwa hiyo waliitana somo. "Somo, umeshiba?" "Nimeshiba, somo." Ukiwasikia kwa mbali ungedhani ni mashoga wa rika moja.

Nyumbani jina hilo halikuwa na neno. Shuleni ndiko lilikokuwa na kesi. Darasa la sita lilijaa akina Lulu, Munira na Abrar, na katika wote hao Lulu ndiye aliyekuwa na ulimi mkali. Jumanne moja Mwalimu Elinaza, aliyewafundisha Kiswahili, aliwapa kazi: kila mmoja ataje watu wawili mashuhuri wenye jina kama lake, wa kweli au wa hadithini, na aseme yupi ni wa kweli na yupi ni wa kubuni. Watakaofanya vizuri wangesimama mbele ya wazazi siku ya kikao, Ijumaa.

Siti alisimama bila wasiwasi. Alimtaja Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, ambaye bibi yake alimpenda mno. Lulu akaguna kwamba huyo ni wa zamani, na ni mmoja tu, na kwamba jina lenyewe ni la kizee.

"Jiite Stacy, bwana," alisema. "Angalau lipendeze."

Darasa zima likaangua kicheko. Siti alikuwa mtoto mbishi, tena mbishi hasa. Ungeweza kumnyima chakula akanyamaza, lakini si kumchezea jina. Damu ilimchemka, na mdomo ukaitangulia akili. Akasema Siti wa pili ni wa hapahapa Kiwalani, tena ni wa kweli kabisa. Zamani, kulipokuwa bado mashamba, wezi watatu walimvamia, naye akawatwanga kwa mchi wa kinu, akawafunga kwa khanga, akawaswaga mpaka mlango wa gereza la Ukonga. Darasa likashangilia. Mwalimu Elinaza akafurahi, akasema hadithi hiyo lazima wazazi waisikie.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa fupi kuliko zote. Watoto walikwenda kusimulia majumbani kwao, na mtaa mzima ulimjua Siti mmoja tu mtu mzima: bibi yake. Jioni ileile jirani yao, Bi Zubeda, aliingia akicheka, akampa Bibi mkono kama anayempongeza. Kesho yake Mzee Khalfani, mjumbe wa mtaa, alipiga hodi kwa adabu zote kumwomba Bibi aje awape moyo vijana wa ulinzi shirikishi, maana mtu aliyewashika wezi watatu peke yake ni hazina.

Bibi wa watu! Mwanamke huyu akiona mende hupanda kitandani. Aliwaambia wote kwamba hajawahi kushika mwizi hata mmoja. Wengine wakadhani anajishusha. Wengine wakaanza kunong'ona kwamba Bi Siti kajitungia sifa, sasa zimemshinda anazikana. Maneno hayo yalimfikia, na yalimuuma sana.

Usiku huo hakumgombeza mjukuu wake. Alimkalisha karibu naye kwenye mkeka.

"Somo, wezi hawa umewatoa wapi?"

Siti aliinamisha kichwa, kisha akakiinua. Alisema walikuwa wanamcheka, wanataka abadili jina, na yeye habadili hata wacheke mpaka koo ziwakauke. Akamsihi Bibi aje Ijumaa akae tu, watu wakimtazama atikise kichwa, yaishe.

"Sitikisi," alisema Bibi. "Jina tunalo wawili. Ukilipaka masizi, uso wangu na wako zote zinachafuka. Sikwambii ubadili jina, mwanangu. Nakwambia uwaondoe wezi."

Siti alilia. Alijua akikiri, Lulu atamcheka mpaka wamalize shule, na jina ndiyo limekwisha. Akinyamaza, bibi yake ataitwa mwongo kwa uongo usio wake. Hapo hapakuwa na pa kujificha.

Ijumaa ukumbi ulijaa wazazi. Zamu yake ilipofika, Siti alisimama, shingo kaikaza.

"Wale wezi watatu hawapo," alisema. "Bibi yangu hakuwahi kuwaona wala kuwataja. Niliwazua mimi."

Vicheko vikalipuka, cha Lulu kikiwa juu ya vyote. Siti alingoja viishe.

"Chekeni. Mwongo ni mimi, jina halina kosa."

Akaendelea. Akaeleza kwamba Siti wa kweli ni Siti binti Saad, mtoto wa mfinyanzi wa Fumba, aliyechekwa kwa asili yake na sura yake, naye akaimba mpaka sauti yake ikarekodiwa Bombay mwaka 1928. Akasema Siti wa mchi ni wa hadithini, na anayetaka kumsikia aje aitikie "pakawa", naye atamsimulia kama hadithi.

"Yupo na Siti wa tatu, yule pale nyuma," alisema, na watu wakageuka kumtazama Bibi. "Hana umashuhuri wowote. Wiki hii mtaa mzima umemletea sifa za bure, akazikataa zote. Mie nimepewa jina la huyo, na silibadili."

Mzee Khalfani ndiye aliyeanza kupiga makofi, akamwomba Bibi radhi hadharani kwa yaliyonong'onwa.

Mwalimu Elinaza alisimama. Alisema Siti hatapata alama zote, maana alipewa ruhusa ya kutaja mtu wa kubuni, akaitumia kudanganya.

"Wanangu, hadithi si kosa," alisema. "Kosa ni kuiuza kama habari ya kweli, maana anayeumia huwa mtu mwingine. Na ukipotoka mbele ya watu, jinyooshe mbele ya watu haohao, kama alivyofanya mwenzenu. Jina halitukuzwi kwa uongo. Hutukuzwa na mwenye nalo."

Walipotoka, Lulu alimfuata Siti uani. Hakucheka safari hii, ila ulimi wake haukukubali kushindwa moja kwa moja.

"Lakini bado ni jina la kizee," alisema.

"La kizee, ndiyo," alijibu Siti. "Nami nitazeeka nalo."