Chukua za Mbele

Mkono ulipita juu ya nyanya za mbele, ukapita juu ya za katikati, ukazama nyuma kabisa ya kichanja kama wa mtu anayetafuta kiatu uvunguni. Zambele aliudaka kabla haujatoka na kitu. Ilikuwa asubuhi ya watu wengi, duka limejaa vikapu na viwiko, na mwenye mkono alikuwa mwanamume mrefu aliyevaa ovaroli ya kijani yenye grisi magotini.

"Za mbele, kaka," alimwambia.

"Za mbele zimechoka, dada."

"Zimeiva. Unapika leo au wiki ijayo?"

"Leo."

"Basi za leo ziko mbele. Za nyuma ni za watu wa keshokutwa."

Mwanamume aliutazama mkono wake, ambao bado ulikuwa umeshikwa. "Nirudishie huo, tafadhali. Naufanyia kazi."

Wanawake wawili waliokuwa wakichagua vitunguu walicheka. Zambele naye alijikuta anacheka, jambo ambalo halikuwa kawaida yake saa hizo, akauachia mkono. Mtu yule akanunua nyanya za mbele, tena kwa adabu, na kesho yake akarudi kununua nyingine. Alikuwa fundi wa lifti katika majengo marefu ya mtaa wa pili. Kazi yake hasa, alivyoieleza mwenyewe, ilikuwa kuwatoa watu walionasa na kuwazuia wasipigane wakiwa ndani.

Zambele alikuwa na jina alilopewa na wazazi wake, ila wateja walishalisahau. "Chukua za mbele" alilisema mara nyingi mno, likageuka jina. Kila asubuhi alikiondoa kila kitu kichanjani, akafuta ubao kwa kitambaa, akapanga mzigo mpya nyuma na wa zamani mbele. Kila kreti iliyoingia ilipigwa alama ya chaki ya siku yake, na hakuna kreti iliyoruhusiwa kuiruka nyingine. Kabla yake, mumewe alikuwa akimwaga nyanya mpya juu ya zile kuukuu. Alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini nyanya za chini zilikuwa zikioza kimya kimya mpaka zitoe maji.

Duka lilikuwa la mama mkwe wake. Nyuma ya duka kulikuwa na pipa la mabovu, ambalo mfuga nguruwe alikuja kulimwaga kila baada ya siku chache. Tangu Zambele ashike mboga, pipa lilikuwa likifika nusu tu, na Mama alijivunia nusu hiyo kama wengine wanavyojivunia shahada za watoto wao.

Chumba cha Zambele kilikuwa juu ya duka, na ngazi yake iliteremkia ndani ya duka, mbele ya kaunta. Hapakuwa na njia nyingine. Ukitoka unamkuta Mama na mizani yake, ukirudi unamkuta Mama na mizani yake. Wala asidhani mtu kwamba Mama alikuwa mkali. Angekuwa mkali mambo yangekuwa mepesi. Siku walipotoka mazikoni, kaka yake Zambele alikuja kumchukua dada yake, na Mama akamshika mkwewe mkono akasema, "Mwanangu mmoja nimemzika. Huyu naye msinichukulie." Nani angeondoka baada ya maneno hayo? Kaka alirudi peke yake. Anayekutesa utamkimbia, anayekupenda namna hiyo utamkimbilia wapi?

Basi mapenzi yake na Fundi yalikulia ndani ya chumba cha baridi cha kuhifadhia mboga. Magoti ya Mama hayakuipenda baridi, kwa hiyo hapo ndipo mahali pekee asipofika. Zambele alijifunika koti zito la marehemu, lililomfika chini ya magoti, akakaa juu ya kreti ya karoti na kupokea simu.

"Unatetemeka, mpenzi," Fundi alisema siku moja. "Ni kwa ajili yangu?"

"Ni kwa ajili ya kabichi. Ongea haraka."

"Sijawahi kumtongoza mtu kwa haraka hivi. Hata lifti ina mwendo wake."

"Lifti zako hazina meno yanayogongana."

Alimchekesha, na kicheko chake kilitoka na moshi. Walizungumza hivyo wiki baada ya wiki, maneno mafupi mafupi, mpaka siku Fundi alipoacha utani akauliza ni lini awalete wazee wake kwa Mama. Zambele alisema jino linamuuma kwa baridi, jambo lililokuwa kweli lakini halikuwa jibu.

Alimwambia Mama kwamba fundi wa lifti anataka kumwoa, jioni moja walipokuwa wakifunga. Alilisema akiwa amempa mgongo, anafunika mchicha kwa gunia lililoloweshwa. Mama hakukasirika. Alifuta mizani, akaifuta tena, kisha akauliza ni nani atakayeshika mboga.

"Wifi," Zambele alisema. "Nitamfundisha."

Wifi alikuwa binti pekee wa Mama, msichana mcheshi mwenye kucha ndefu nyekundu, ambaye nyanya aliijua ikiwa sahanini. Mama aliguna. Kisha akasema, polepole, kwamba siku pipa litakapokaa mwezi mzima bila kitu, atajua duka linaweza kushikwa na mtu yeyote, hata mwenye kucha. Hapo atampa Wifi funguo na Zambele ataondoka na radhi.

Zambele alijua kwamba duka la mboga lisilooza kitu halijajengwa. Lakini aliye shimoni haulizi kamba imesokotwa na nani. Siku ile alimweleza Fundi kila kitu akiwa chumba cha baridi, na safari hii hakutetemeka kwa baridi peke yake. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia alale salama, mambo yatakuwa mazuri.

Yakawa mazuri kweli. Wifi alianza kufundishwa. Siku ya kwanza alimwaga mpya juu ya za zamani, akaambiwa atoe zote, akatoa huku akilalamika kuhusu kucha. Siku ya tatu alianza kuelewa. Na vichanja vikaanza kutii: ikifika mchana, za mbele zote zimekwisha, ndizi zenye madoa zimekwenda, hata biringanya zilizoanza kunywea zimepata mwenyewe. Pipa likashuka chini ya nusu, likashuka tena, likakauka. Mfuga nguruwe alikuja akachungulia ndani, akauliza kama wamehamia biashara ya vitabu.

Zambele alianza kuimba kazini. Kwa kuwa za mbele zilikuwa zinaisha mapema, aliongeza oda: kreti zaidi za nyanya, kabichi zaidi, ndizi zaidi. Hesabu ya mtu wa mboga ndiyo hiyo. Kinachotoka ndicho kinachokuambia uingize kiasi gani. Alihisi ameshinda kwa mikono yake mwenyewe, na hisia hiyo ilimpendeza kuliko hata harusi.

Mwezi ulipokaribia kwisha alimwomba Mama ruhusa ya kwenda kuonyesha jino. Alivaa gauni la bluu lenye mkanda, ambalo halikuwa limeonana na jua tangu msiba, akaenda kumshtukiza Fundi nyumbani kwake. Kinyozi hajinyoi: fundi wa lifti aliishi ghorofa ya nne ya jengo lisilo na lifti. Alifika juu akihema, na kabla hajagonga mlango alisikia harufu. Harufu ile hakuna aliyeijua kuliko yeye.

Fundi alifungua mlango akiwa na mwiko mkononi. Nyuma yake jikoni palikuwa na magunia yameegemezana, ndizi nyeusi, biringanya zilizolegea, na juu ya jiko sufuria kubwa ya nyanya inachemka. Zambele alipita, akafungua gunia la kwanza. Alizitambua. Mtu anayepanga vitu kila asubuhi huvitambua.

"Zote hizi ni zangu," alisema.

"Nyingine wenzangu kazini wanazichukua. Nyingine napika. Zinanishinda kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponiambia habari za pipa." Akaweka mwiko chini. "Nilitaka utoke, mpenzi. Wewe umenasa pale. Mimi nikimwona mtu amenasa siwezi kukaa."

Zambele alikaa kitini. Hakulia. Angelia ingekuwa afadhali kwa Fundi.

"Nilidhani ni mimi," alisema. "Nilikuwa naimba, unajua? Kumbe nimemdanganya mama wa watu, na mimi mwenyewe sijui. Nimeongeza oda kwa ajili ya wateja ambao hawapo. Nani atakula mzigo ule?"

"Nitanunua."

"Ndiyo hivyo. Utanunua. Ulinionea huruma, Fundi, ukaninunua kwa kilo." Alisimama akanyoosha mkanda wa gauni. "Usinipigie."

Alishuka ngazi zote zile na kurudi dukani. Mama alimtazama kutoka kwenye mizani, akauliza kama jino limetoka. Zambele akajibu kwamba bado, tena sasa ndiyo linauma.

Yaliyofuata yalijulikana. Za mbele zilikaa mbele, na nyuma yake ukasimama ule mzigo wa oda kubwa, unazeeka ukisubiri zamu. Zambele alipanga na kupangua. Alifuta ubao, akasogeza, akachagua, akapunguza bei, lakini kreti ilikuwa inazeeka kabla haijafika mbele. Pipa likafika nusu, likajaa, likafurika mpaka nzi wakapata habari. Mama alijikongoja na mkongojo wake hadi nyuma ya duka, akaangalia, akasema, "Basi, mwanangu. Tumerudi tulikokuwa." Alilisema kwa upole, na Zambele alichukia upole ule.

Simu haikuita. Aliyeambiwa asipige hakupiga, na hilo nalo liliuma. Zambele aliingia chumba cha baridi bila sababu, akakaa juu ya kreti ya karoti na kujifunika koti. Likamjia neno ambalo Mama alilisema zamani, mwaka ule wa msiba: "Ukipita na hilo koti, naona kama ni yeye anapita." Miaka yote ile alikuwa akilivaa hata siku za joto, na siku zote alidhani ni kwa ajili ya baridi. Alikaa kidogo. Kisha akalivua, akatoka nalo mkononi.

Mama alikuwa kaunta, Wifi kwenye vichanja. Zambele aliliweka koti juu ya kaunta, kando ya mizani.

"Mama, naondoka."

"Pipa limejaa, mwanangu."

"Limejaa, nimeliona. Litajaa nikiwepo, litajaa nisipokuwepo. Hakuna mboga isiyooza, Mama, na wewe unalijua hilo kunishinda. Siwezi kungoja pipa. Nakupenda, Mama. Lakini hapa ninakwisha."

Mama aliweka kiganja juu ya koti. Alikaa hivyo mpaka mteja aliyekuwa amesimama na vitunguu vyake akavirudisha na kujifanya anatafuta tangawizi.

"Mizani hii naishika mimi," Mama alisema mwishowe. "Unadhani sikumwona? Mtu mmoja, ovaroli moja, kila siku ukiwa nyuma anabeba magunia ya vitu laini. Nilimpimia mwenyewe. Nilijiambia, mwache, atachoka. Wanaume huchoka. Akichoka, utabaki na mimi."

"Amechoka?"

"Jana amekuja ulipokuwa nyuma. Nikamsubiri abebe mzigo wake. Akachukua nyanya za chungu cha mtu mmoja, za mbele, akalipa. Hakuuliza habari zako. Alisema umemkataza." Mama alijifuta macho na ncha ya kanga. "Aliyechoka ni mimi, mwanangu. Pipa lilikuwa kisingizio. Nilikuwa naogopa kusikia ngazi ile haina mtu."

Zambele alizunguka kaunta akamkumbatia, nao wakalia mbele ya wateja bila haya. Wifi alikuja akalichukua koti, akalijaribu, likamfika kwenye vifundo vya miguu. Ndipo Zambele alipoziona kucha zake. Zilikuwa zimekatwa, zote, fupi kabisa.

"Zilikuwa zinatoboa nyanya," Wifi alisema kwa aibu, akarudi kwenye vichanja.

Mama alivuta simu ya duka kutoka chini ya kaunta na kumsukumia. Kisha akaanza kufuta mizani, akiwa ametega masikio yote mawili.

Zambele alipiga namba aliyoijua kwa moyo. Simu iliita sana kabla haijapokewa. Upande wa pili kulikuwa na watu wanagonga chuma na mmoja anatishia kumshtaki mwenye jengo.

"Nani mwenzangu?"

"Mimi."

"Mimi nani? Ongeza sauti, niko kazini."

"Siku chache tu, umeshanisahau?"

Kelele ziliendelea kule. "Zambele?" Fundi alisema. "Mbona sikukutambua? Sauti yako haitetemeki."

"Sipo kwenye baridi. Nipo kaunta."

"Na Mama?"

"Mama ndiye aliyenipa simu."

"Ngoja. Ngoja, mpenzi, usikate. Nina lifti imekwama hapa, watu wako ndani wamekasirika. Nikiwatoa hawa tu, nakuja kukutoa na wewe."

Zambele aliutazama mlango wa duka. Nje palikuwa na jua, na watu walikuwa wakipita na vikapu vyao.

"Watoe hao, wako mbele," alisema. "Mimi nimeshatoka. Wewe njoo mikono mitupu, kuna begi la kubeba."